Juni 12, 1898: Siku Wafilipino Walipojitangazia Uhuru

Wengi wetu tunaishi na Wafilipino bila kuwajua. Ukilazwa hospitali hapa Uingereza, nesi anayekuja kukupima presha usiku wa manane huenda akawa Mfilipino. Ndugu zetu walioko Muscat, Doha na Dubai ndio kabisa, wanashinda nao kazini na kupanda nao basi moja. Kila ikifika tarehe 12 Juni watu hawa wanapandisha bendera, wanapika, wanaimba, na ukiwauliza kuna nini watakwambia ni siku ya uhuru. Lakini ukifungua kitabu cha historia utasoma kwamba Ufilipino ilipata uhuru kutoka Marekani tarehe 4 Julai 1946. Sasa hii Juni 12 imetoka wapi? Jibu lake ni refu kidogo, na mimi ni mtu wa uhandisi si mwanahistoria, kwa hiyo naomba mnivumilie. Ila nadhani ni hadithi ambayo mwanafunzi wa Kiafrika akiisoma hataiona ngeni.

Tuanze na jina. Visiwa hivi vilipewa jina la Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania. Mfalme huyu huyu ndiye aliyeitawala pia Ureno kuanzia 1580, na ni katika enzi yake Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593. Kwa hiyo kwa muda fulani watu wa Mombasa na watu wa Manila walikuwa chini ya taji moja, ingawa hakuna aliyewauliza. Sisi pwani Wareno walitolewa Mombasa na Waomani mwaka 1698. Wafilipino walikaa na Wahispania miaka 200 zaidi.

Wahispania waliweka makazi yao ya kwanza Cebu mwaka 1565, na Manila wakaichukua 1571. Askari wao walikuwa wachache mno kwa nchi ya maelfu ya visiwa, basi waliotawala hasa vijijini walikuwa mapadri. Padri wa Kihispania ndiye aliyekuwa anajua nani kazaliwa, nani kafa, nani hajalipa kodi. Mashirika ya watawa yalimiliki mashamba makubwa, na mkulima alilipa kodi ya ardhi ambayo babu yake aliilima bure. Kusini, Mindanao na Sulu, kulikuwa na masultani wa Kiislamu ambao Hispania haikuwahi kuwatiisha kikamilifu. Hawa tutawarudia.

Sasa hapa uhandisi unaingia kidogo. Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa. Kabla ya hapo, safari ya Manila hadi Hispania ilikuwa ni kuzunguka Afrika nzima kwa miezi. Baada ya mfereji, safari ikawa fupi na nauli ikashuka, na familia za Wafilipino zenye uwezo zikaanza kupeleka vijana wao Madrid na Barcelona kusoma. Mfereji uliochimbwa ili mali ipite haraka ukapitisha na wanafunzi.

Miaka mitatu baadaye, Januari 1872, wafanyakazi na askari wa ngome ya Cavite walifanya uasi. Serikali ikautumia kuwakomesha mapadri wazalendo waliokuwa wakidai haki sawa na mapadri wa Kihispania. Watatu kati yao, Mariano Gómez, José Burgos na Jacinto Zamora, walinyongwa hadharani tarehe 17 Februari 1872. Kizazi kilichofuata kilikua na majina hayo matatu kichwani.

Vijana waliokwenda Ulaya walifanya nini? Walifanya lile ambalo wanafunzi walioko nje hulifanya siku zote: walibishana, wakaunda vyama, wakaanzisha gazeti. Gazeti lenyewe liliitwa La Solidaridad, likaanza kutoka Barcelona Februari 1889. Mhariri wa kwanza alikuwa Graciano López Jaena, baadaye akashika Marcelo H. del Pilar na gazeti likahamia Madrid. Na jamani, msidhani walikuwa wanadai uhuru. Walikuwa wanaomba Ufilipino ihesabiwe kuwa mkoa wa Hispania, iwe na wabunge Madrid, Mfilipino awe sawa mbele ya sheria. Ni madai ya upole kabisa. Hispania haikuyasikia. Gazeti lilikufa mwaka 1895 kwa kukosa pesa, na mwaka 1896 López Jaena na del Pilar wote wawili walifia Barcelona, maskini, kwa kifua kikuu. Ninyi mnaohariri jarida hili bila posho, mkilalamika tena nitawakumbusha hao wawili.

Maarufu kuliko wote alikuwa José Rizal. Alikuwa daktari wa macho, mwandishi, na mtu wa lugha nyingi. Riwaya yake ya kwanza, Noli me tangere, ilichapwa Berlin mwaka 1887 kwa pesa alizokopeshwa na rafiki yake Máximo Viola, maana yeye mwenyewe alikuwa hana kitu. Riwaya ya pili, El filibusterismo, aliichapa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1891 na kuitabaruku kwa wale mapadri watatu. Vitabu hivi vilipigwa marufuku nyumbani, na kwa sababu hiyo vikasomwa sana. Rizal alirudi Manila 1892, akakamatwa na kuhamishiwa Dapitan, kusini huko, miaka minne.

Mwezi ule ule aliokamatwa Rizal, Julai 1892, karani wa ghala mmoja wa mtaa wa Tondo aitwaye Andrés Bonifacio aliunda chama cha siri, Katipunan. Bonifacio hakuwa mtoto wa tajiri wala hakwenda Ulaya. Yeye hakutaka ubunge Madrid, alitaka Wahispania waondoke. Siri ilivuja Agosti 1896, ikabidi vita ianze kabla ya wakati. Wafuasi wake walichana vyeti vyao vya kodi mbele ya watu, vile vyeti ambavyo usipokuwa navyo unakamatwa. Wazee wetu wa Kenya waliovaa kipande shingoni wangewaelewa haraka sana. Na kumbuka kwamba tarehe 27 ya mwezi huo huo wa Agosti 1896, manowari za Waingereza zilikuwa zinaipiga mizinga kasri ya Zanzibar, vita iliyokwisha kabla ya saa moja. Dunia nzima ilikuwa katika hali hiyo.

Rizal aliukana uasi huo, lakini haikumsaidia. Alipigwa risasi Manila tarehe 30 Desemba 1896, akiwa na miaka 35. Waliomwua walidhani wanaizima fitina. Waliupa uasi shahidi ambaye hata wasiojua kusoma walimjua.

Ndani ya mapinduzi yenyewe mambo hayakuwa mazuri. Katika mkoa wa Cavite aliibuka kijana Emilio Aguinaldo, meya wa mji wa Kawit, hodari wa vita kuliko Bonifacio. Machi 1897 wanamapinduzi walikutana Tejeros kuchagua serikali, Aguinaldo akachaguliwa rais ingawa hakuwepo, na Bonifacio akadharauliwa mkutanoni kwa kuwa hakuwa na elimu ya uanasheria. Akaondoka kwa hasira na kukataa matokeo. Tarehe 10 Mei 1897 mwasisi wa Katipunan akauawa kwa amri ya serikali ya mapinduzi aliyoyaanzisha yeye mwenyewe. Wafilipino mpaka leo wanabishana juu ya jambo hili, na ukikaa na wawili watatu usilitaje kama unataka kula kwa amani.

Vita ikafika mahali pa kutokwenda mbele wala nyuma. Desemba 1897 pande mbili zilipatana pale Biak-na-Bato: Aguinaldo aende uhamishoni Hong Kong, Hispania ilipe fedha kwa mafungu na kufanya marekebisho. Fungu la kwanza, peso 400,000, lililipwa. Aguinaldo hakuligawa, aliliweka benki kwa ajili ya kununua silaha. Hakuna upande uliomwamini mwenzake, na kusema kweli wote walikuwa sahihi.

Sasa ndipo Marekani inapoingia. Aprili 1898 Marekani na Hispania zilianza kupigana kwa sababu ya Kuba, upande wa pili wa dunia kabisa. Tarehe 1 Mei manowari za Komodoro George Dewey ziliingia Ghuba ya Manila na kuziteketeza meli za Kihispania asubuhi moja. Lakini Dewey alikuwa na meli tu, hakuwa na jeshi la nchi kavu. Tarehe 19 Mei Aguinaldo akarudishwa nyumbani kwa meli ya Marekani ili awashe tena moto. Aguinaldo alisema maisha yake yote kwamba balozi mdogo wa Marekani kule Singapore, pamoja na Dewey, walimwahidi uhuru wa nchi yake. Wao walikana. Karatasi haikuwepo. Wale mliowahi kuahidiwa udhamini wa masomo kwa mdomo mnajua nasema nini.

Basi katika wiki tatu Wafilipino waliteka sehemu kubwa ya mikoa inayoizunguka Manila, wakawafungia Wahispania ndani ya mji. Hapo ndipo Aguinaldo alipoamua kutangaza. Ilikuwa Jumapili, tarehe 12 Juni 1898, kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, nyumbani kwake Kawit. Alikuwa na miaka 29, mdogo kwangu kwa mwaka mmoja. Tangazo liliandikwa na kusomwa na mwanasheria Ambrosio Rianzares Bautista, kwa Kihispania. Bendera iliyopandishwa ilishonwa Hong Kong na Marcela Agoncillo, akisaidiwa na binti yake Lorenza na Delfina Herbosa, mpwa wa Rizal. Bendi ikapiga wimbo mpya wa Julián Felipe, ambao wakati huo ulikuwa hauna maneno. Maneno yalikuja mwaka uliofuata. Watu 98 walitia saini, akiwemo ofisa mmoja wa mizinga wa Kimarekani. Dewey alialikwa, hakwenda.

Kwa nini haraka hiyo? Tazama kalenda. Kikosi cha kwanza cha askari wa miguu wa Marekani kilifika Manila mwisho wa Juni. Aguinaldo alitaka wakifika wakute nchi ina mwenyewe, ina bendera, ina serikali. Huu ndio umuhimu wa kwanza wa siku ile, na mimi nauona mkubwa kuliko sherehe. Ilikuwa ni kuweka kumbukumbu. Baada ya Juni 12 hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba alikuta visiwa visivyo na mwenyewe. Wakati Ulaya inamaliza kuigawa Afrika, na Mkwawa akiwa amebakiwa na mwezi mmoja tu wa kuishi porini Uhehe, watu wa koloni moja la Asia walikaa wakaandika waraka wa kisheria, kwa lugha ya mtawala, wakisema utawala wake umekwisha na hizi ndizo sababu.

Lakini waraka ule ulikuwa na kasoro, na ni vizuri tuzitaje. Ulitangaza uhuru chini ya ulinzi wa Marekani, ukiisifu kuwa taifa lenye nguvu na utu. Hata rangi za bendera, nyekundu, nyeupe na buluu, zilielezwa humo kuwa ni kumbukumbu ya bendera ya Marekani kwa shukrani. Aliyeiona hatari alikuwa Apolinario Mabini, mwanasheria mtoto wa mkulima aliyepooza miguu yote miwili, ambaye alijiunga na Aguinaldo siku hiyo hiyo ya Juni 12. Mabini alisema mmetangaza mapema. Kwanza jengeni serikali, halafu tangazeni, na tena watu 98 si taifa. Akapanga mikoa na manispaa zichague viongozi, na tarehe 1 Agosti 1898 viongozi hao wakakutana Bacoor wakathibitisha uhuru upya. Septemba likakutana bunge Malolos, Januari 1899 ikatoka katiba, na tarehe 23 Januari 1899 ikazinduliwa jamhuri ambayo mara nyingi hutajwa kuwa ya kwanza ya kikatiba barani Asia. Kwa macho ya kihandisi, Aguinaldo aliezeka paa, Mabini ndiye aliyejenga kuta, na kwa bahati mbaya mvua ilishafika.

Kasoro nyingine ni ile ya kusini. Nyota moja kati ya tatu za bendera ni ya Mindanao, lakini Waislamu wa Mindanao na Sulu hawakuwa wameulizwa. Waliingizwa katika taifa na watu ambao kwa miaka mia tatu waliwajua kama askari wa Hispania wanaokuja kuwapiga. Mgogoro wa Mindanao wa karne ya 20 una mizizi mingi, na huu ni mmoja wao.

Mvua ilifikaje? Tarehe 13 Agosti 1898 Wamarekani na Wahispania walipigana Manila vita ya maigizo. Makamanda walikuwa wamekubaliana kabla: nyinyi mtapiga mizinga kidogo, sisi tutapandisha bendera nyeupe, na Wafilipino wasiingie mjini. Hispania ilitaka kusalimu amri kwa wazungu wenzake, ilinde heshima. Wafilipino waliouzingira mji kwa miezi miwili walizuiwa malangoni. Desemba 10 ukatiwa saini Mkataba wa Paris: Hispania ikaiachia Marekani Ufilipino, na Marekani ikailipa Hispania dola milioni 20. Nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 7, piga hesabu mwenyewe kila kichwa kilikwenda kwa shilingi ngapi. Felipe Agoncillo, mume wa yule mshona bendera, alitumwa Washington na Paris kuisemea jamhuri. Hakuna aliyempa kiti mezani. Mambo ya Berlin 1884 na 1885, kwetu tunayajua.

Usiku wa tarehe 4 Februari 1899 risasi zikalia nje ya Manila kati ya Wamarekani na Wafilipino. Siku mbili baadaye Seneti ya Marekani ikaupitisha ule mkataba, kwa ziada ya kura moja tu juu ya theluthi mbili zilizohitajika. Mwezi huo huo Kipling akachapisha shairi lake kuhusu mzigo wa mtu mweupe. Wengi wetu tuliambiwa shuleni kwamba shairi lile linahusu Afrika. Liliandikwa kuihimiza Marekani iichukue Ufilipino.

Vita ilidumu mpaka 1902. Wamarekani zaidi ya 4,000 walikufa, wapiganaji wa Kifilipino kama 20,000, na raia wanaokadiriwa kufika 200,000, wengi kwa njaa na kipindupindu. Kule Samar, baada ya askari wa Marekani kuvamiwa Balangiga Septemba 1901, Jenerali Jacob Smith alitoa amri ya kuua na kuchoma, akashtakiwa kijeshi, akastaafishwa tu. Kengele za kanisa la Balangiga zilichukuliwa kama nyara na zilirudishwa Desemba 2018, baada ya miaka 117.

Kuna mtu mmoja katika vita hii ambaye wanachama wa chama chetu wanapaswa kumjua: David Fagen, kijana mweusi wa Tampa, Florida, askari wa kikosi cha 24 cha Wamarekani weusi. Vikosi hivi vilipelekwa kuwapiga Wafilipino wakati huko kwao watu weusi walikuwa wananyongwa mitini. Novemba 1899 Fagen alitoroka, akajiunga na Wafilipino, akapanda hadi cheo cha kapteni. Wamarekani walitangaza zawadi kwa atakayemleta. Mwishoni mwa 1901 mwindaji mmoja alileta kichwa akidai ni chake, na haikuthibitishwa kamwe.

Aguinaldo alikamatwa Machi 1901 kwa hila ya Funston, ofisa wa Marekani aliyejifanya mateka wa askari waliovaa kama wanamapinduzi. Akaapa utii. Ya baadaye nayapitia haraka: walimu wa Kimarekani wakaja na Kiingereza, ndiyo maana yule nesi wa Kifilipino anaongea Kiingereza kuliko mimi, 1935 ikaja serikali ya ndani chini ya Manuel Quezon, Wajapani wakaingia, na tarehe 4 Julai 1946, siku ya uhuru ya Marekani yenyewe, Marekani ikawakabidhi Wafilipino uhuru, pamoja na mikataba ya biashara na kambi za kijeshi iliyoambatana nao. Kwa miaka 16 Ufilipino ikaadhimisha uhuru tarehe moja na aliyemtawala.

Hapa ndipo lilipo swali lenyewe. Siku ya uhuru ni ile unayojitangazia au ile unayopewa? Kwetu Zanzibar tunalijua swali hili kwa uchungu. Desemba 10, 1963 Waingereza walikabidhi uhuru kwa serikali iliyokuwa chini ya Sultani, na Januari 12, 1964 yakaja Mapinduzi. Kalenda ya taifa inaadhimisha Januari 12. Wapo wazee wetu, wengi wao Muscat na hapa Uingereza, ambao mpaka leo wanaiadhimisha Desemba 10 kimyakimya majumbani. Sitaki kuanzisha ugomvi ukumbini, ila nasema tarehe si namba tu. Ukichagua tarehe umechagua nani alikuwa na haki ya kusema nchi ni yetu. Mimi kwa upande wa Wafilipino naona walichagua sawa, pamoja na kwamba tangazo la Juni 12 halikuwapa mamlaka waliyoyataka.

Na waliichagua vipi? Mei 1962 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikataa muswada wa kuilipa Ufilipino dola milioni 73 kama fidia ya uharibifu wa vita ya pili. Manila iliudhika sana. Tarehe 12 Mei Rais Diosdado Macapagal akatoa tangazo namba 28: kuanzia mwaka huo uhuru utaadhimishwa Juni 12. Wazo alikuwa nalo zamani, kukataliwa kwa fidia kulimpa nafasi. Mwezi mmoja baadaye ilifanyika sherehe ya kwanza ya kitaifa, na Aguinaldo alikuwa hai. Alikuwa na miaka 93. Mtu aliyeitangaza jamhuri akiwa kijana, akatekwa, akaapa utii kwa Marekani, alikaa akaiona nchi ikikubali kwamba siku yake ndiyo siku. Alikufa Februari 1964, na Agosti ya mwaka huo ikapitishwa sheria namba 4166 iliyoithibitisha tarehe hiyo.

Bendera aliyoipandisha ndiyo hiyo wanayoitumia leo, yenye jua la miale minane kwa mikoa minane ya kwanza kuasi. Ukipita karibu na wenzetu hao Juni 12, iangalie. Wakati wa amani buluu inakaa juu. Nchi ikiwa vitani wanaigeuza, nyekundu inakuja juu, na sheria yao inaruhusu.